Wageni wa ndugu nao ni watalii: Tanga iwaandalie matembezi yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotugusa sisi wenyeji wa pwani ya Tanga kila shule zinapofungwa Juni na Desemba, ambalo halmashauri zetu na taasisi zinazosimamia vivutio vya mkoa huu, kwa ninavyoona, hazijalipa uzito wake. Katika miezi hiyo nyumba zetu hujaa. Ndugu waliohamia Dodoma, Mwanza, Mbeya na Dar es Salaam kwa kazi au kwa ndoa hurudi nyumbani na watoto wao, na mara nyingi huongozana na mashemeji na mawifi ambao hawajapata kuiona bahari isipokuwa kwenye televisheni. Magodoro hutandikwa sebuleni, masufuria makubwa yaliyokuwa yakingoja shughuli huteremshwa, na kwa wiki mbili au tatu watu hawa hawana haja nyingine ila kupumzika, kukoga baharini na kutembezwa. Mapumziko tunawapa wenyewe. Matembezi ndiyo yanayotushinda, wala si kwa sababu Tanga haina pa kwenda.

Kwa kipimo kinachotumika kimataifa, mtalii ni mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kila siku, akalala huko walau usiku mmoja na kwa muda usiofikia mwaka, kwa sababu yoyote isiyokuwa kuajiriwa mahali hapo, na kutembelea jamaa ni mojawapo ya sababu zinazotambuliwa waziwazi. Kwa hiyo mwalimu wa Shinyanga aliyekuja kulala kwa shangazi yake Chumbageni, hapa Tanga mjini, ni mtalii sawa na yule aliyeshuka kwenye ndege akiwa na kamera shingoni. Tofauti yao ni kwamba mmoja ameandikwa katika daftari la hoteli na mwingine amepokewa mlangoni kwa kukumbatiwa. Naye hutumia fedha: hupanda bajaji kutwa nzima, hununua samaki dikoni wanakoshushia wavuvi na madafu barabarani, na siku ya kuondoka hubeba machungwa ya Muheza kiroba kizima.

Tena sehemu ngumu ya safari yake imekwisha kugharimiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo yenye malipo, na mtumishi wa umma hulipwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili. Mtu amevuka mamia ya kilomita mpaka sebuleni kwetu. Kutoka hapo mjini hadi Mapango ya Amboni ni kilomita zipatazo nane, hadi magofu ya Tongoni hazifiki 20, na hadi Pangani ni kama 50. Inasikitisha kwamba safari nzima inakwama katika kipande hiki kifupi cha mwisho, na kwamba wageni wengi hurudi bara wakiwa wameuona ufukwe wa mjini wa Raskazone tu, tena jioni, tena kila siku.

Sababu yake naiona hivi. Matembezi ya mkoa wetu yamepangwa kwa watu wa aina mbili. Aina ya kwanza ni mgeni kutoka nje aliyelipia kifurushi, ambaye gari, chombo cha majini na mwongozaji humngoja yeye na mwenzake. Aina ya pili ni msafara wa shule wenye basi lake, barua ya mwalimu mkuu na siku iliyopangwa mapema. Familia yenye bibi wa miaka sabini, vijana watano, kina mama watatu na watoto wadogo wa kubebwa haimo katika mpango wowote kati ya hiyo miwili. Haina basi, haiwezi kukodi chombo kizima, na uamuzi wake wa kutoka hufanywa usiku baada ya chakula cha jioni kwa ajili ya kesho yake asubuhi. Huwezi kuilaumu, kwa kuwa ndivyo likizo ya nyumbani ilivyo na ndiyo raha yake.

Chukua mfano wa Maziwe, ambayo kwangu mimi ndiyo safari nzuri kuliko zote katika pwani hii. Ni eneo tengefu la bahari tangu mwaka 1975, nje ya Pangani upande wa kusini mashariki, na zamani lilikuwa kisiwa chenye miti ambako kasa walipanda kutaga kwa wingi. Miti ile ilikwisha miaka ya mwisho ya sabini na mwanzoni mwa themanini, kisiwa kikaliwa na maji, na sasa kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe linaloibuka maji yanapokupwa na kufunikwa yanapojaa, likiwa limezungukwa na matumbawe na samaki wa rangi zote. Viota vya kasa wanaokuja kutaga huko huhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili mayai yasizame. Mtoto wa Dodoma anayesimama juu ya mchanga ule, huku na huku bahari tupu, na kuambiwa kwamba baada ya saa chache mahali anapokanyaga patakuwa na maji marefu kumzidi kimo, amepata somo la jiografia ambalo hakuna ubao utakaomfundisha.

Lakini kwenda Maziwe hukodiwa chombo kizima. Bei hutajwa kwa kumtazama mtu usoni, na mara nyingine hata lafudhi husaidia kuipandisha. Sisemi wenye vyombo wanadhulumu, kwani mafuta ni ghali na injini ni ghali zaidi, na mtu aliyekaa siku tatu bila abiria ana haki ya kutaka kufidia. Hata hivyo, siku hiyo hiyo ambayo familia moja imeshindwa kulipa na kurudi, familia nyingine mbili zimeshindwa vilevile katika sehemu hiyo hiyo ya ufukwe, na zote tatu zingejaza chombo kimoja. Kinachokosekana ni utaratibu wa kulipa kwa kichwa, kama tunavyolipa katika daladala na katika kivuko cha Mto Pangani: chombo kina saa yake ya kuondoka, kina nauli yake ya mkubwa na ya mtoto iliyoandikwa ubaoni, na kikijaa kinang'oa nanga. Halmashauri ya Wilaya ya Pangani, pamoja na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu na vikundi vya wavuvi wenyewe, wanaweza kulipanga jambo hili kwa kikao kimoja, angalau kwa siku za mwisho wa juma katika miezi ya likizo.

Saa ya kuondoka hailazimu kukisiwa, maana bahari yetu ina ratiba kamili kuliko mabasi yetu. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya pwani hii hukupwa sana karibu na saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa sana alasiri na jioni. Siku za maji mafu, yaani zile za katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo hugeuka, asubuhi ikawa ndiyo ya maji kujaa, ingawa hayajai kwa nguvu. Kwa hiyo mtu mwenye kalenda yenye tarehe za mwezi mwandamo anaweza kukuambia leo hii ni siku zipi za Desemba ambazo Maziwe itakuwa nje ya maji kwa saa nzuri ya kwenda na kurudi mchana, na ni siku zipi ambazo hakuna haja ya kumwamsha mtoto alfajiri. Wavuvi wetu wanalijua hili tangu utotoni, lakini shemeji wa Tabora halijui, wala hakuna ubao hata mmoja ufukweni, katika sehemu ninazopita mimi, unaomwambia.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ubao huo ni zaidi ya huduma ya starehe. Idi el Fitri huangukia mwezi mwandamo, kwa maana hiyo huangukia bamvua. Idi mosi na Idi pili, baada ya kula na kuzungukia jamaa, umati wa watu wa mjini na wageni wao huteremka Raskazone na fukwe nyingine kuanzia saa tisa alasiri, na huo ndio wakati ambao maji yanapanda kuelekea kilele chake. Ufukwe ambao asubuhi ulikuwa uwanja wa kuchezea mpira unapungua mbele ya macho, na mahali ambapo mtoto alisimama maji yakiwa magotini panamfika kifuani kabla mama yake hajamaliza kugawa vitafunio. Mtoto wa pwani huhisi mabadiliko hayo kwa miguu yake akarudi nyuma, lakini binamu yake aliyelelewa bara hadhani kwamba maji yanaweza kusogea. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya umri wa miaka mitano. Mtu mzima mmoja wa kila familia akabidhiwe kazi ya kuwatazama watoto tu, bila simu wala mazungumzo, na apokezane na mwenzake. Hilo ni letu sisi wenyeji na halihitaji halmashauri. Ubao wa saa za maji kujaa na kupwa, na mlinzi mwenye filimbi na boya siku za sikukuu, ni kazi ya halmashauri.

Vilevile katika vyombo, jaketi okozi za watu wazima siku hizi zipo kwa wengi, lakini za watoto ni nadra. Nimemwona nahodha mmoja akimfunga mtoto wa miaka minne jaketi la baba yake kwa kamba, kwa nia njema kabisa, na nikajua kwamba mtoto yule akianguka majini atachomoka kupitia chini. Wakaguzi wa usalama wa vyombo watazame saizi pamoja na idadi.

Likizo ya Juni ina shida yake nyingine, nayo ni upepo wa kusi. Bahari huchafuka, mawimbi huwa makubwa, na nahodha mwenye busara hawapeleki bibi na wajukuu Maziwe katika hali hiyo, hata akibembelezwa kwa fedha. Kwa mwezi huo nchi kavu ndiyo inayopaswa kuandaliwa, na kwa bahati nchi kavu yetu ni tajiri. Mapango ya Amboni, ambayo sasa yako chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, ni miamba ya chokaa ya enzi za Jura, zama za dinosaria, iliyochimbwa na maji, na humo ndani matone yenye chokaa yameshusha nguzo na mapazia ya mawe kwa muda ambao akili haiukadirii. Wapo wanaoingia kutambika, wapo wanaoingia kucheka, na waongozaji huwasimulia wote habari za Osale Otango na Paulo Hamisi waliojificha humo wakitafutwa na serikali ya kikoloni miaka ya hamsini. Karibu na hapo ipo chemchemi ya maji moto ya salfa ya Galanos. Hizo ni saa nne za matembezi kwa familia yoyote, na zinahitaji kitu kimoja tu kutoka kwa mamlaka za usafiri: daladala mbili zinazofika mpaka langoni siku za Jumamosi na Jumapili, badala ya kuwashusha watu barabara kuu ya Horohoro na kuwaacha wakitembea juani na watoto mgongoni.

Tongoni ni habari nyingine, tena ya kusononesha kidogo. Msikiti wa kale na makaburi yake yapatayo 40, mengi yenye nguzo, yamesimama kando ya bahari kutoka karne ya 14 na ya 15, na Vasco da Gama alipita maji hayo hayo mwaka 1498. Mahali penye historia ya namna hiyo pangekuwa na kivuli cha kukalia, choo safi na maji ya kunywa, wageni wangeshinda hapo. Kwa sasa familia hufika, huzunguka kwa nusu saa, na mtoto wa kwanza akiomba kwenda haja, safari imekwisha. Choo ndicho kinachopima kama mahali pamekusudiwa familia au pamekusudiwa mpiga picha anayepita. Nasikitika kusema kwamba vivutio vyetu vingi vinaanguka katika kipimo hiki.

Yapo na matembezi yasiyohitaji fedha ila maelezo. Hapo Raskazone penyewe, wanapokoga watoto, ndiko wanajeshi wa Uingereza waliotoka India, wapatao 8,000, walikoteremshwa mwanzoni mwa Novemba 1914, wakarudishwa baharini na kikosi cha Wajerumani na askari wao wa Kiafrika wasiozidi sana 1,000, huku nyuki waliochokozwa na risasi wakishambulia pande zote. Pangani mjini ndiko Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani tangu mwaka 1888, alikonyongwa Desemba 1889. Kigombe na vijiji jirani vimo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya silikanti, samaki ambaye wataalamu walimdhani ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa katika nyavu za maji marefu. Kibao kimoja cha Kiswahili katika kila mahali pa namna hii, chenye maneno yasiyozidi mia mbili, kingewapa wajomba na mashangazi cha kusimulia. Vibao vilivyopo, pale vilipo, mara nyingi huzungumza na mgeni wa nje kwanza.

Kuna hoja nitakayokutana nayo, kwamba wageni wa ndugu hawana fedha na kwamba kuwaandalia ni hasara. Wenye hoja hii wahesabu upya. Familia ya watu kumi na wanne inayolipa kiasi kidogo kila mmoja katika chombo, langoni na katika daladala, mara tatu kwa likizo moja, tena Juni na tena Desemba, tena mwaka ujao kwa kuwa shangazi hahami, ni mteja wa kudumu kuliko mtu anayekuja mara moja maishani. Hakatizwi na maradhi yaliyolipuka bara jingine wala na tangazo la ubalozi. Mwaka 2020, ndege ziliposimama, wale waliokuwa wakiishi kwa wageni wa nje pekee walikaa mikono mitupu, na sidhani kuna mwenye chombo wa Pangani au Ushongo aliyeusahau mwaka ule.

Lipo pia suala ambalo wanaume wenzangu hupenda kulipita haraka. Likizo ya ndugu ufukweni ni mapumziko kwa kila mtu isipokuwa kwa mwenye jiko. Wageni wanapokuwa hawana pa kwenda, chai ya saa nne, chakula cha mchana na vitafunio vya jioni vyote humwangukia mwanamke wa nyumba na binti zake, siku baada ya siku, na yeye ndiye anayebaki nyumbani hata siku ile moja ambayo gari la kukodi limepatikana, kwa sababu nafasi hazitoshi na lazima mtu akae na sufuria. Matembezi ya kulipa kwa kichwa yangemaliza udhuru huo wa nafasi, na mama lishe wa Pangani angeuza samaki wake wa kupaka kwa watu kumi na wanne kwa mkupuo, mpishi wa nyumbani akiwa miongoni mwao, ameketi.

Ninachoomba basi ni kidogo, nacho kinaweza kuanza kabla ya Desemba, wakati upepo wa kaskazi bado haujakaza na bahari kwa kawaida ni tulivu zaidi. Halmashauri ya Jiji la Tanga na ya Wilaya ya Pangani zikae na wasimamizi wa vivutio, wenye vyombo na wenye daladala, zichapishe karatasi moja ya Kiswahili yenye siku za bamvua na za maji mafu, saa za kuondoka, viingilio vya Watanzania wakubwa na wadogo, na nauli, kisha zibandike karatasi hiyo stendi, sokoni, misikitini, makanisani na madikoni, mahali ambapo wenyeji wa wageni hupita. Mradi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo ukikamilika pamoja na daraja lake la Mto Pangani, Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako mbuga hukutana na bahari, nayo itaingia katika karatasi hiyo. Kwa sasa Maziwe yatosha. Chombo cha kwanza cha kulipa kwa kichwa kitakapotangazwa kuondoka Pangani katika bamvua ya Desemba, nitafika na abiria kumi na wanne, mke wangu akiwa wa kwanza kupanda, na nauli yao wote nitakuwa nayo mkononi.

Msomaji wako,
Mkazi wa Chumbageni, Tanga